Bei ya Mtu Baki

Mwenye shule ya udereva alifika Jumapili asubuhi, chai ikiwa bado haijachemka. Alivua viatu mlangoni, akapita sebuleni bila hodi, akafungua kabati la vyombo na kutoa kikombe cha bluu kilichovunjika mkono, ambacho watu wa nyumba ile hukitumia kunywea maji tu. Hakuna aliyemwonyesha kabati lilipo. Hakuwa amewahi kukanyaga nyumba ile. Alijimiminia maji, akanywa, akalalamikia joto, kisha akakaa kwenye kiti cha dirishani na kuuliza kama gazeti la jana bado lipo au limeshafungiwa vitu.

Mama alitoka jikoni akifuta mikono, akamtazama sikio la kushoto. Lilikuwa limekunjika kwa juu, kama ukurasa uliokunjwa ncha ili msomaji asipotee. Mama mwenyewe alikuwa nalo sikio kama hilo, na marehemu mama yake, na binti yake. Alimwambia mgeni gazeti liko chini ya mto, kisha akaenda mpaka chumba cha nyuma, ambako binti yake alikuwa ameshaanza kazi na nguo za kulalia.

“Huyu naye umempunguzia kiasi gani?”

“Kidogo tu, Mama.”

“Kidogo. Basi ni kaka yangu.” Mama alishusha pumzi. “Haya, vaa uje umwamkie mjomba wako.”

Nyumbani walimwita Nukta kwa sababu alizaliwa mdogo mno, na jina likamganda hata alipokuwa mwanamke mzima mwenye mabega mapana na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara. Kazi yake ilikuwa kuandika. Hakuajiriwa na mtu. Alikaa chumba cha nyuma, kwenye meza ambayo zamani ilikuwa mlango wa stoo, akiwaandikia watu vitu ambavyo hawakuweza kujiandikia: hotuba ya mwalimu mkuu anayestaafu, maneno ya tovuti ya kliniki ya meno, kipeperushi cha muuza matangi ya maji, wasifu wa marehemu aliyeacha watoto wasiosalimiana. Alikuwa hodari. Mtu akisoma alichoandikiwa na Nukta alijiona vile alivyotamani kuonekana, na mara nyingi akagundua ndivyo alivyo.

Tatizo lake lilikuwa bei. Siyo kwamba hakuijua. Aliijua vizuri sana. Alishaikokotoa kwa saa, kwa umeme, kwa bando la intaneti na kwa maumivu ya mgongo. Tatizo lilikuwa kile kimya kinachofuata bei ikishatajwa. Hakukiweza. Kabla mteja hajashtuka, yeye alikuwa ameshashtuka kwa niaba yake, na mdomo wake ulikuwa umeshasema, lakini tunaongea. Mteja naye akishaambiwa tunaongea, basi huongea. Dada yangu, nifikirie. Dada yangu, hali si unaijua. Dada yangu, mimi na wewe si watu baki.

Na kweli hawakukaa watu baki muda mrefu. Mteja aliyepunguziwa na Nukta alikuwa ndugu yake kabla wiki haijaisha. Lilianza sikio la kushoto, halafu miguu ikaijua njia ya nyumbani. Kiwango cha undugu kilifuata kiwango cha punguzo, na Mama alikuwa nacho kichwani: ukipunguza kidogo unapata mjomba, ukipunguza nusu unapata kaka au dada, ukifanya bure unapata mtoto. Aliyelipa bei kamili alibaki mtu baki, akasema asante na kwenda zake. Hao walikuwa wachache, na wengi wao hawakuwa watu bali mashirika.

Mtaani hakuna aliyelishangaa jambo hilo. Ofisi ya vitambulisho ilikuwa na mhuri wake kwa ajili hiyo. Muuza matangi alipokwenda kupiga picha upya, karani alimtazama sikio, akamuuliza alifanyiwa tangazo au hotuba, akagonga mhuri na kumwita anayefuata. Daktari wa meno ndiye pekee aliyejaribu kujitoa. Alikuwa dada, na mambo ya kidada yalimzidi, simu usiku, mtu wa kusindikizwa hospitali, mtu wa kusuluhishwa na mumewe. Akaja na bahasha yenye kile alichopunguziwa, akaiweka mezani. Nukta aliipokea, akashukuru. Sikio halikunyooka. Undugu ukishaingia hautolewi kwa malipo ya baadaye, na yule daktari akabaki kuwa dada aliyelipa, jambo alilowakumbusha wenzake kila walipokutana.

Wa bure alikuwa mmoja tu, mwenyekiti wa chama cha wakazi, mzee mwenye mvi na suti ya kijivu, aliyeandikiwa hotuba ya uchaguzi kwa sababu alisema ni kwa faida ya jamii. Kabla ya kila mkutano alikuja kupiga magoti mlangoni, kwa taabu, magoti yenyewe yakilia. “Mama,” humwambia Nukta, “naomba radhi zako.” Nukta alimwekea mkono kichwani huku chai yake ikipoa. Wajukuu wa mwenyekiti wakawa vitukuu vya Nukta. Kwa hesabu hiyo Mama alikuwa na vilembwe, na mkwe hana.

Tusidanganyane, watu hao walimpenda. Hilo lazima lisemwe, maana ni rahisi kuwasema vibaya. Nukta alipolazwa kwa maumivu ya tumbo, benchi la wodini lilijaa wajomba mpaka muuguzi akauliza kama ni msiba. Mwenye shule ya udereva alimfundisha kuendesha gari bila kumtoza hata senti, na alipogonga ukuta wa shule akasema ukuta ulikaa vibaya. Bomba la jikoni lilipopasuka, muuza matangi alikuja usiku na ndoo. Walimpenda kwa moyo mmoja. Ila kazi nyingine ilipotokea, mjomba yuleyule alikaa kwenye kiti cha dirishani, akatoa karatasi mfukoni na kusema, “Mwanangu, hii ni ndogo tu, ya kufumba na kufumbua. Na wewe ni damu yangu. Utanitoza?”

Na kila ndugu alikuwa na marafiki wenye biashara. Nenda kwa mpwa wangu, muuza matangi aliwaambia watu sokoni, kwenye mazishi, kwenye foleni ya benki. Mwambie umetumwa na mimi, atakupunguzia. Alidhani anamtafutia riziki, maskini, na alijivunia. Ndivyo ukoo ulivyozidi kukua. Mama alianza kununua sahani za plastiki, kwanza za kupangana kabatini, baadaye za kufungwa kwenye mfuko.

Mama alitaka kitu kimoja, binti yake apate mtu wake. Hakulia wala kulalamika, alikisema tu, kama mtu anayekumbusha chumvi imekwisha. Lakini kila mwanamume aliyemkaribia Nukta alianza kwa kuomba kuandikiwa kitu. Mmoja alitaka barua ya kuombea kazi. Mwingine, mrefu, mwenye kucheka vizuri, alitaka maneno ya tangazo la nyumba ya kupanga, na Nukta akampunguzia nusu kwa sababu ya kucheka kule. Sasa ni kaka, anacheka bado, na mke wake ni wifi mzuri tu. Kwenye ofisi ya ndoa karani hutazama masikio kwanza. Akiyaona yamefanana hurudisha picha na kalamu yake huiweka chini.

Kisha Nukta akaanza kuona herufi zikitembea kwenye skrini, akaenda kutengenezewa miwani.

Fundi miwani alikuwa ameajiriwa kwenye chumba kidogo chini ya ngazi, pembeni ya duka la dawa. Alikuwa mtu wa kuongea taratibu, mwenye mikono misafi kuliko ya daktari na shati lililofungwa mpaka kifungo cha juu. Alimpa Nukta kadi ya kusomea, ile ambayo mistari yake hupungua ukubwa kadiri unavyoshuka, na Nukta akasoma kwa sauti habari za matunzo ya pampu ya maji. Ndiyo kadi iliyokuwepo. Wateja wote waliisoma, na wengi walikomea katikati, hawakujua kama ni macho au ni pampu. Halafu fundi akamvisha miwani, akarudi nyuma hatua moja, akasema sikio lake moja halikai sawa na jingine. Hakulisema kama kasoro. Alipasha mkono mmoja wa miwani, akaukunja kidogo, akamvisha tena. Miwani ikakaa.

Nukta alilipa bei iliyoandikwa, hakuomba kupunguziwa. Baadaye alirudi kwa sababu skrubu ililegea. Akarudi tena kwa skrubu nyingine. Skrubu zilikuwa nzima kabisa, na fundi alizikaza hivyo hivyo, kila moja kwa makini, akiuliza kazi inaendeleaje na hotuba ya mwalimu mkuu iliishia wapi. Nukta alimpenda. Hakukuwa na namna nyingine ya kulieleza, naye mwenyewe hakutafuta nyingine.

Siku moja fundi alimwambia anaacha kazi chini ya ngazi na anafungua duka lake. Alihitaji maneno ya kibao, kipeperushi na ukurasa wa tovuti. Akauliza itakuwa bei gani. Nukta akasema atamjulisha, akatoka nje mbio kidogo, akasahau miwani juu ya meza na kutembea hadi kituoni akiona watu wote wana ukungu.

Alikwenda moja kwa moja kwa rafiki yake mfasiri. Walikuwa wamejuana kwenye mkutano wa waandishi wa kujitegemea, ukumbi wa hoteli, kila mtu na jina lake kifuani na kadi za biashara mkononi, wote wakitafuta wateja na wote wakikutana na waandishi wenzao. Mfasiri hajawahi kumpunguzia mtu. Nyumba yake ilikuwa na kikombe kimoja, kiti kimoja cha kukalia na kimoja cha kuwekea mkoba. Masikio yake yalikuwa ya kwake peke yake. Alimsikiliza Nukta mpaka mwisho, akamwuliza kama anataka kaka mwingine. Nukta akasema hapana, huyu hapana. Mfasiri akasema basi ni rahisi, taja bei, halafu nyamaza. Asiyeweza kunyamaza ahesabu vigae vya sakafu.

Nukta alifanya mazoezi nyumbani. Alisimama mbele ya friji, akalitajia bei kamili, akanyamaza. Friji likanguruma. Nukta akaliambia tunaongea. Asubuhi Mama alilifungua taratibu na kuchungulia pembeni, upande wa kushoto, kabla ya kutoa maziwa. Halikuwa na kitu. Mama alisema labda ni kwa kuwa halikukubali.

Siku ya kutaja bei Nukta alivaa gauni lake la mkutano. Fundi miwani alikuwa akifuta lenzi. Nukta alitaja bei kamili, yote, pamoja na marekebisho mawili, nusu kabla ya kazi na nusu baada ya kazi. Kisha akanyamaza. Chini ya ngazi sakafu ilikuwa ya saruji, haina vigae. Alihesabu lenzi ukutani. Mdomo wake ulifunguka mara moja na akaufunga kwa mkono, akajifanya anakohoa.

Fundi aliiweka lenzi ndani ya kitambaa. Alisema bei hiyo ni kubwa kwake. Alisema itabidi auze pikipiki, na ataiuza.

“Wajomba zako wamekuja hapa,” akasema. “Wameniambia nikuombe, utanifikiria. Mimi sikuombi. Naomba nibaki mtu baki.”

Nukta alielewa. Aliitikia kwa kichwa, akachukua miwani yake aliyoiacha, akaivaa na kumtazama vizuri.

Basi kazi ikaanza, na ilikuwa kazi tamu. Kwa mara ya kwanza Nukta aliandika bila kukimbilia kazi ya mtu mwingine. Alikwenda duka jipya likiwa bado lina harufu ya rangi, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamuuliza fundi maswali. Fundi alimweleza kuhusu wazee wanaoficha kwamba hawaoni, na mtoto aliyevaa miwani mara ya kwanza akagundua kuwa miti ina majani moja moja. Kila fundi alipovua miwani yake kujifuta jasho, Nukta alimwangalia sikio la kushoto. Lilikuwa laini na limesimama vizuri, sikio la mtu baki. Nyumbani Mama alimpokea kila jioni kwa swali moja, na jibu lilikuwa bado zuri.

Wajomba hawakupenda. Siyo kwa ubaya, waliona huruma. Muuza matangi alikwenda dukani kumsaidia kutundika kibao ukutani, na akiwa juu ya ngazi akamwambia fundi kuwa anaibiwa. “Huyo ni mtoto wetu, tunamjua,” alisema. “Neno moja tu, dada nifikirie, na anakata nusu. Mbona unajitesa?” Fundi alimpa msumari mwingine. Alisema bei ni nzuri. Muuza matangi alishuka akitikisa kichwa, akaenda kumwambia Mama kwamba yule kijana ana matatizo ya hesabu. Mama alimmiminia chai na kumwongezea sukari, kitu ambacho huwa hafanyi.

Walikubaliana kwamba duka likishafunguliwa fundi atakuja nyumbani kujitambulisha, Jumapili, amevaa koti. Mama alishona mapazia mapya. Alizikusanya sahani za plastiki akazificha stoo, akatoa zile za udongo za harusi yake mwenyewe.

Nukta alimaliza kazi. Aliipeleka dukani ikiwa kwenye bahasha ngumu, kipeperushi, maneno ya kibao ambayo tayari yalikuwa juu ya mlango, ukurasa wa tovuti. Fundi alilipa nusu iliyobaki. Nukta aliandika risiti, akapiga mhuri wake, na wote wawili waliitazama ile risiti na kucheka kama watoto waliovuka barabara.

Kisha Nukta akaingiza mkono kwenye mkoba na kutoa kitu kingine.

Marehemu baba yake alikuwa muuza duka. Baada ya mizani kusimama sawasawa, aliongeza kiganja cha nyongeza, kila mara, kwa kila mtu, na aliwafundisha watoto wake kuwa mzani uliosimama sawa bado haujamaliza kazi. Nyongeza haikuwa kupunguza bei. Bei ilikuwa imeshalipwa. Nukta alikulia ndani ya nyongeza, na haikumpitia kichwani hata kidogo kwamba ina bei. Wala rafiki yake mfasiri hakumwonya, kwa sababu mfasiri hakujua kuwa kuna watu wa namna hiyo.

Ilikuwa kadi ya kusomea. Nukta aliiandika usiku kadhaa baada ya kazi ya malipo kuisha, akiifuta na kuiandika tena. Hakukuwa na pampu ndani yake. Kulikuwa na mwanamke dirishani anayeona mtu kwa mbali. Kwenye mstari wa kwanza, wenye herufi kubwa kama vidole, mtu yule ni umbo tu barabarani. Kwenye mstari wa pili ana mkoba. Wa tatu, anatembea kama mtu aliyechoka lakini hajakata tamaa. Kila mstari herufi zilikuwa ndogo zaidi na yeye alikuwa karibu zaidi, vifungo vya shati, vumbi la viatu, mpaka mstari wa mwisho kabisa, mdogo kuliko chawa, ambapo amefika mlangoni na mwanamke anamwambia karibu, kaa.

“Hii ni ya kwangu tu,” alisema Nukta. “Nyongeza.”

Fundi aliisoma kwa kusimama. Hakuhitaji kusogea karibu, miwani yake mwenyewe ilimtosha. Alipofika mwisho alirudia mstari wa mwisho bila kutoa sauti, midomo tu. Akaibandika ukutani.

Jumamosi duka lilifunguliwa. Walikuja watu wengi, na wengi hawakuwa na shida ya macho. Walikuja kusoma kadi. Mama mmoja aliyekomea kwenye vifungo vya shati alidai apewe lenzi kali zaidi, hata ikibidi mbili, kwa sababu hawezi kurudi nyumbani bila kujua kama yule mtu alifika. Fundi alimpimia, akamwambia alifika. Mama yule alisema anataka kuona mwenyewe. Ilikuwa biashara nzuri kuliko walivyotarajia.

Mfasiri naye alikuja, na shada la maua na kadi za biashara. Aliisoma kadi mpaka chini, akavua miwani, akaifuta, akamsogelea Nukta.

“Hii uliitoza?”

“Ilikuwa nyongeza tu.”

Mfasiri aliigeukia kadi tena. Safari hii kimya kilikaa muda mrefu, na Nukta alikivumilia mpaka mwisho. Ng'ambo ya chumba fundi alikuwa akimvisha mzee mmoja miwani. Alijikuna sikio la kushoto, akaendelea na kazi.

Jumapili alikuja na koti. Mama alikuwa amesimama mlangoni tangu saa ambayo hakuna mgeni anayekuja. Fundi alivua viatu, akainama kumwamkia, na miwani yake ikateleza upande mmoja kwa sababu sikio halikuishika tena sawa. Mama alilitazama sikio lile. Alilitazama kwa muda, akainua mkono na kuligusa pale juu, kwenye mkunjo, kama anavyoyagusa ya watoto wake. Nusu kamili. Kumbe kadi ile moja ilikuwa na thamani sawa na kazi yote iliyolipiwa, ukiiweka pamoja, kwa hiyo fundi alikuwa amelipa nusu tu ya alichopokea, na Nukta peke yake ndiye hakujua.

“Karibu, mwanangu,” Mama alisema. Alirudi ndani, akazikusanya sahani za udongo moja moja kutoka mezani, akaleta za plastiki.

Walikula. Wajomba walikuja kama kawaida, wakampongeza fundi kwa kuwa mwishowe amepata akili. Muuza matangi alimpiga bega na kumwita mpwa. Nukta alikaa mbele yake, na hakulia, lakini alikata nyama kwenye sahani yake vipande vidogo sana na hakula hata kimoja. Wengine waliposogea dirishani kugombania gazeti, fundi aliinamia meza.

“Ile kadi,” alisema. “Ungenitajia bei. Ningelipa.”

“Niliona ni kitu kidogo.”

“Hakikuwa kidogo. Ningeuza na vifaa, ningelipa.”

Nukta alisema anajua. Alisema samahani, na fundi akasema hapana, samahani ni yake, alipaswa kuuliza. Wote wawili walikumbuka bahasha ya daktari wa meno na hakuna aliyeitaja. Fundi alivua miwani ya Nukta usoni, akaifuta kwa ncha ya shati, akamrudishia. Alifanya hivyo kwa upendo kabisa. Ila mkono wake haukukawia shavuni, na wote wawili waliliona hilo, na baada ya muda mfupi fundi hakuliona tena.

Amekuwa kaka mzuri, hakuna wa kumsema. Mama anaona vizuri sasa, ana miwani ya karibu na ya mbali, na fundi huja kumkazia skrubu bila kuitwa. Siku ile ya kwanza alikaa hadi jioni, akatengeneza bawaba ya dirisha, akamsikiliza mwenyekiti akieleza jinsi Nukta, mama yake, alivyomwekea mkono kichwani akashinda uchaguzi. Akacheka sana. Alikuwa na kicheko ambacho Nukta hakuwahi kukisikia chini ya ngazi, kicheko cha mtu aliyeko kwao.

Alipokuwa anavaa viatu, Nukta akiwa amemshikia koti, alikumbuka jambo. Kuna maneno alihitaji ya kubandika kwenye mlango wa kioo, ya saa za kufungua na kitu kidogo cha kukaribisha watu, kitu kizuri, kama ile kadi.

“Si utanifanyia tu, dada?” alisema. “Wewe mbona kwako ni kufumba na kufumbua.”

Nukta alimvisha koti, akamnyooshea kola. Akamuuliza mlango wenyewe una upana gani.